Nusu Eka Iliyosubiri Mvua

Mfuko wa mbegu za ngano ulikaa nyuma ya kochi la sebuleni kwetu kwa wiki kumi, na kwa wiki zote kumi nyumba ilinuka ghala. Ilikuwa harufu ya vumbi, makapi na karatasi ngumu, na kwa kuwa mwezi wa Machi pale Lawrence Heights, Toronto, mitambo ya joto ilikuwa bado inachemka chini ya madirisha, harufu ile ilipikwa ikaiva, ikaingia kwenye mapazia, kwenye sweta zangu za shule, mpaka kwenye mkate. Darasani rafiki yangu mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama kwetu tunafuga sungura. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kila jioni baba akirudi kazini alipiga magoti nyuma ya kochi, akachota ngano kiganjani, akatafuna punje moja na kusema, "Mbegu hii ni nzuri sana, Mama Lina." Mama alimjibu kutoka jikoni bila kugeuka: "Kama ni nzuri, kaipande."

Lazima nieleze baba alikuwa nani, maana bila hivyo mtu ataona nilikuwa mtoto mkorofi tu. Kule Karatu, Tanzania, kwenye nyanda za juu ambako ngano hulimwa mpaka macho yanachoka, baba alikuwa bwana shamba. Serikali ilimpa pikipiki na mabuti, na watu wa vijiji vitatu walimsubiri aseme tupande au tusipande. Hata jina lake walilisahau; alikuwa Bwana Shamba barabarani, kanisani na msibani. Toronto ilimpa kazi ya kubandika lebo kwenye maboksi ya viatu katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Stashahada yake ya kilimo ilikaa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya begi, begi juu ya kabati. Kwa miaka sita hakuna mtu aliyemuuliza swali lolote kuhusu udongo.

Ndipo kanisani tukakutana na Mzee Pinto, Mgoa aliyezaliwa Arusha na kufanya kazi ya ukarani huko nusu ya maisha yake, ambaye sasa alikuwa amestaafu na kuishi Richmond Hill na koti lake la sufu lisilovuka kizingiti bila kupigwa brashi. Alikuwa na eka sita za ardhi kaskazini zaidi ya hapo. Wanawe walitaka amkodishie jirani, mkulima Mzungu aliyekuwa na matrekta ya kutisha. Mzee Pinto hakutaka, lakini hakuwa na hoja ya kuwapinga. "Bwana Shamba," alimwambia baba baada ya misa, na nilimwona baba akinyooka mgongo kwa kuitwa hivyo, "mwaka huu chukua nusu eka. Jirani ameshanilimia tangu kabla ya theluji. Panda ngano nione. Ikitoka vizuri, eka zote sita nakuachia miaka mitano. Nipe sababu ya kuwakatalia wanangu." Usiku ule alimwambia mama kwamba akipata eka sita ataacha lebo. Sote tulijua basi kinachotafutwa ni nini, hata Faustini, mdogo wangu wa miaka minane, ambaye alielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza tu.

Sasa basi, kazi iliyobaki ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha: kuamua siku. Shamba limelimwa, mbegu ipo, watu wanne wana mikono minane. Tuliamua siku hiyo kwa Jumamosi tisa mfululizo. Kila Jumamosi mama alikaanga maandazi, tukapanda gari letu kuukuu, tukapita Richmond Hill, tukafika shambani tukasimama kwenye upepo unaokata masikio. Baba alichimba shimo la kina cha shubiri moja, akachota udongo, akaufinya kiganjani na kufungua vidole polepole kama daktari anayefungua kidonda. Kwao Karatu, udongo ukikaa kama tonge, unyevu umeshuka vya kutosha, unapanda. Udongo ukimeguka, subiri. Wa kwetu ulimeguka. "Bado," alisema baba. Tulirudi nyumbani. Mazoezi yangu ya mpira wa kikapu yalikuwa Jumamosi asubuhi, na kufikia Jumamosi ya nne mwalimu alimpa mtu mwingine namba yangu. Nilipoteza timu kwa ajili ya tonge la udongo.

Mwanzoni mwa Aprili jirani alipita na mashine yake upande wa pili wa uzio, akipanda ngano yake. Theluji ilikuwa bado imejificha kwenye kivuli cha miti. Baba aliegemea gari akamtazama kwa huruma ya kweli. "Anapanda kwenye friji," alisema. "Mbegu itapata nimonia." Mama alimwambia kwamba yule mtu amezaliwa pale, baba yake alizaliwa pale, huenda anajua friji ya kwao inavyofanya kazi. Baba akasema mwenda pole hajikwai. Mama akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Baba akasema subira yavuta heri, mama akasema chelewa chelewa utamkuta mtoto si wako, na mimi niliyekaa kiti cha nyuma na masikio yaliyoganda nikagundua kwamba wahenga wetu hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, wakatuachia sisi ugomvi wao. Faustini aliuliza swali alilouliza kila Jumamosi: "Is it ready?"

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba baba hakuwa mvivu wala mjinga. Angekuwa mvivu ningemwelewa. Alikuwa na daftari. Aliandika joto la asubuhi, upepo, mawingu, siku ambayo ndege fulani weusi walirudi. Alisikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni, halafu akabishana na redio. Nilipomwambia udongo una maji tele kwa sababu theluji yote imeyeyuka ndani yake, na jambo hilo tulifundishwa shuleni, alinieleza kwa subira kubwa kwamba maji ya theluji ni maji ya kupita, yanaondoka kama mgeni asiyepewa kiti. Mvua ndiyo mwenye nyumba. Mvua ikija, tutapanda. Siku moja nilimuuliza mama jikoni kwa nini baba yuko hivi. Aliendelea kukata kitunguu. "Kuna mwaka kule nyumbani alipanda mapema mno, yakamkuta," alisema. "Usimuulize." Sikumuuliza. Nilikuwa na hasira na mpira wangu wa kikapu, sikuwa na nafasi ya huruma.

Katikati ya Aprili baba alikwenda kwa Mzee Pinto kuazima reki, akatuacha shambani. Mara tu gari lilipopinda kona, mama alinishika mkono akanipeleka kwenye uzio, ambako jirani alikuwa akikaza waya. Mama alikuwa na Kiingereza chake cha kazini, cha jikoni mwa nyumba ya kutunzia wazee, lakini siku hiyo hakutaka kukosea hata neno moja. "Muulize," aliniambia. "Muulize anajuaje kwamba siku imefika." Niliuliza. Yule mtu alinyanyua mguu akatuonyesha soli ya gambuti lake, na soli ilikuwa safi. Alisema udongo ukiacha kung'ang'ania viatu, panda siku hiyo hiyo, baridi au si baridi, ngano haijali. Usingoje mvua kamwe, alisema, kwa sababu hapa mvua ndiyo inayokufukuza shambani. Nikamtafsiria mama. Alinitaka nirudie sehemu ya mvua mara mbili. Kisha akanyanyua mguu wake mwenyewe akaitazama soli, na ilikuwa safi.

"Huyu kijana ana adabu," alisema mama, ingawa jirani alikuwa na mvi. Tukarudi hatua chache, akafungua mkoba wake ule mkubwa wa kanisani, akatoa makopo mawili ya maziwa ya unga. Yalikuwa yamejaa ngano. Alikuwa amezichota nyuma ya kochi kabla hata ya kuuliza. Jirani alimthibitishia tu. Tulipanda kando ya uzio, upana wa hatua mbili na urefu wa shamba zima, mama akitawanya kwa mkono, mimi na Faustini tukifukia kwa majembe na visigino. Sijawahi kumwona mama akifanya kazi kwa haraka vile, na hofu vile, akigeuka kila mara kuangalia barabara. Baba aliporudi na reki tulikuwa tumekaa juu ya kreti tunakula maandazi. Alichimba shimo lake, akafinya udongo wake. "Bado," alisema. Mama alimpa andazi.

Mvua ilikuja wiki ya pili ya Mei. Ilianza Jumatano, na Jumatano hiyo baba aliingia nyumbani amelowa na anacheka, akamshika mama kiuno mlangoni, akasema masika, Mama Lina, masika. Nakiri kwamba nilimpenda sana jioni ile. Jumamosi tulibeba mfuko mzima kwenye gari. Tulipofika, shamba lilikuwa uji. Baba alipiga hatua nne na gambuti la kushoto likabaki kwenye hatua ya tatu. Alisimama pale kwa soksi moja, reki mkononi, akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Mvua iliyompa ruhusa maisha yake yote ilikuwa imemfungia mlango. Alijaribu kutawanya mbegu pembeni kidogo. Zilikaa juu ya tope zikielea. Gari nalo lilikwama, na jirani, ambaye ngano yake ilikuwa tayari inafika kwenye kifundo cha mguu, alikuja kutuvuta kwa trekta bila kusema lolote. Ningependelea aseme.

Kando ya uzio palikuwa na mkanda wa kijani, umesimama vizuri, umenyooka. Baba aliuona. "Jirani amemwaga mbegu upande wetu," alisema kwa uchovu. "Mashine zao hazina adabu." Mama alisema, "Labda." Faustini alifungua mdomo, na mama akamfinya kwenye mkono hata mdomo ukajifunga wenyewe. Mfuko ukarudi nyuma ya kochi, sasa ukinuka ghala lenye unyevu, ambalo ni baya kuliko ghala kavu. Tulisubiri wiki mbili zaidi ili mvua ile tuliyoisubiri iondoke. Tulipanda mwisho wa Mei, siku yenye jua kali, watu wote wameshatoa baiskeli na kaptula, baba akitawanya kwa mwendo mzuri ajabu, mkono na mguu vikienda pamoja. Kama kupanda vizuri kungetosha, angekuwa mkulima bora wa jimbo zima.

Sitawachosha na miezi ya Juni na Julai. Ngano ya mama ilitoa masuke, ya baba ilikuwa bado majani. Ngano ya mama ilipopata rangi ya andazi, ya baba ndiyo kwanza ilikuwa inachanua katika joto la kuyeyusha lami, ikaharakisha kama mwanafunzi aliyeamka amechelewa, fupi, nyembamba, yenye madoa ya kutu kwenye majani. Baba alikuwa bwana shamba. Huwezi kumdanganya bwana shamba kuhusu mbegu yake mwenyewe inavyofanana. Aliacha kusema habari za jirani na mashine yake. Hakuuliza, na sisi hatukusema, na ukimya ule ulikaa nasi mezani kila jioni.

Mzee Pinto alikuja mwishoni mwa Agosti, amevaa kofia nyeupe na viatu ambavyo havikustahili shamba. Mama alimwamkia, akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja kwenye uzio. Alikata suke la ngano ya mama, akalisugua viganjani, akapuliza makapi. Zilibaki punje nono. Kisha akakata suke la baba, akasugua, akapuliza, na nusu ya punje ziliruka pamoja na makapi. Zilizobaki zilikuwa zimesinyaa, chache zina rangi ya waridi iliyofifia, ambayo baba alikuwa ameshatueleza ni ugonjwa. Mzee alizitazama kwa muda mrefu. Halafu uso wake ukang'aa. "Ah, Bwana Shamba," alisema. "Hili ni shamba darasa! Umepanda mapema huku, umechelewesha kule, ili mimi nione tofauti. Sivyo?"

Jamani. Mzee wa watu alikuwa amemwekea jibu mkononi. Alikuwa amempa sababu ya kuwapelekea wanawe, imeshafungwa vizuri, ilibaki kutikisa kichwa tu. Mama alimtazama baba kwa macho yote mawili na yale mengine ambayo wanawake wanayo. Nami nilisema moyoni, sema ndiyo, baba, sema ndiyo, huku nilipanda mapema makusudi, basi, sema tu. Niliona eka sita zimekaa kwenye ulimi wake. Baba alivua kofia.

"Hapana, Mzee," alisema. "Huo mkanda alipanda Mama Lina, kwa siri, kwa sababu mimi nilikataa. Hii nyingine yote nilipanda mimi. Nilikosea."

Mzee Pinto alisubiri kidogo, kana kwamba neno lingine lingefuata. "Wanangu ningewaambia ni majaribio," alisema taratibu.

"Najua, Mzee."

Akamgeukia mama. "Na wewe, Mama? Eka sita utaziweza?" Mama alikuwa na kazi mbili na miguu iliyovimba. Alisema, "Mzee, mimi nilimuuliza jirani tu." Kwa hiyo nilikuwa nimezaliwa na watu wawili wa namna hiyo. Mzee Pinto alitushukuru, akatupa mkono mmoja mmoja, hata Faustini, na wiki iliyofuata eka zake sita, nusu yetu ikiwamo, alikodishiwa jirani.

Kwenye gari mama alilipuka. Alisema mtu akupe chakula mdomoni ukiteme, hiyo ni nini? Alisema watoto hawa watakula ukweli wako? Mimi nikaongeza ya kwangu, nikamtajia mpira wa kikapu, sungura, gambuti, kila kitu, kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili changu cha kumkasirikia baba hakikutosha. Baba aliendesha mpaka tukakaribia kwetu. Kisha akasema, akiwa ameitazama barabara, kwamba mwaka ule kule nyumbani aliwaambia watu wa kijiji kizima wapande kwa mvua ya kwanza. Walipanda. Mvua ikakatika, mbegu zikaota zikafa, na hapakuwa na mbegu nyingine. Walipokuja kumuuliza, aliwaambia ni mvua ndiyo iliyokosea. "Waliniamini," alisema. "Waliendelea kuniamkia, Bwana Shamba, Bwana Shamba. Mtu amezika mbegu zake zote kwa neno langu, na ananiamkia." Mimi sikulainika, nisije nikajisifu uongo. Nilifikiri: basi kosa la kule ndilo tunalolilipia huku, na nani alituuliza?

Baba alibandika lebo miaka mingine kumi na minne, mpaka alipostaafu. Sasa anaishi nami North York, na siku hizi kila mtu ana simu inayomwambia mvua itaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi, naye hubishana na simu kama alivyobishana na redio. Mimi kazi yangu, nikiifikiria, ni kuamua siku. Napanga ratiba za wahudumu wanaokwenda majumbani kuwaogesha wazee na kuwabadilishia bandeji. Nimekaa ofisini miaka mingi na kuna neno moja, nilikosea, ambalo sijawahi kumsikia mkubwa yeyote akilitamka peke yake. Daima linakuja na barua pepe ndefu, na kamati, na hali iliyokuwa nje ya uwezo wetu. Nami nimejifunza lugha hiyo vizuri, naizungumza bila lafudhi.

Mwezi uliopita niliandika Alhamisi mahali pa Jumanne. Bibi mmoja alikaa siku mbili na bandeji ile ile, amevaa amejiandaa, anasubiri mtu mlangoni. Binti yake alinipigia siku ambayo nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, nikamwambia tunachosema wote: pole sana, mfumo ulikosea. Alishukuru. Alishukuru kwa kweli, sauti ikamlegea, akaniambia anajua mimi binafsi najitahidi. Nikakata simu. Baba alikuwa upande wa pili wa meza anamenya chungwa.

"Huyo mfumo ni nani?" aliuliza.

Nilimwambia hii ni kazi, baba, hii si Karatu. Nilimwambia kuna mikataba, kuna kesi, kuna mambo asiyoyajua. Nilimwambia mengi, na nilikuwa na hasira naye ya miaka thelathini. Aliendelea kumenya. Nikamaliza maneno, nikachukua simu, nikampigia yule binti, nikamwambia kwamba siku ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na hapakuwa na mfumo wowote. Alinitukana dakika nne nzima, na alikuwa na haki. Baba aliligawa chungwa lake, akasukuma nusu upande wangu, na hakuniangalia.